Mashine ya Shangazi na Saa za Jua

Mimi ndiye niliyemshawishi shangazi auze injini yake ya dizeli. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu kila ninapolisimulia huwa nalisogeza nyuma, mpaka linakaribia kupotea.

Shangazi alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa katika kijiji kilicho ndani kidogo ya barabara ya Igunga. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Gongoni, sina kazi, nabishana na kila mtu. Kampuni moja ndogo ya umeme wa jua ikaniajiri nisimamie mtambo wake pale pale kijijini kwa shangazi. Kulikuwa na paneli, chumba cha betri na nyaya za kwenda majumbani. Niliwauliza wakubwa maswali mpaka mmoja akasema, "Huyu tumemwajiri, au yeye ndiye katuajiri?"

Swali langu kubwa lilikuwa moja: nani atatumia umeme mchana? Taa na televisheni huwashwa jioni, nazo hula betri, na betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote. Mtambo unaoishi kwa betri hufa mapema. Unaodumu ni ule ambao umeme wake unatumika jua likiwa juu, moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Jibu lilikuwa linanguruma hatua chache tu kutoka tulipokuwa tumesimama: mashine ya shangazi.

"Una hakika?" shangazi aliniuliza nilipomwambia aachane na dizeli.

"Nina hakika."

"Wewe, ambaye hata ukiambiwa leo Jumatatu unataka ushahidi?" Akacheka. Akaiuza injini kwa mtu wa kijiji cha jirani, akafunga mota ya umeme.

Nikaweka kanuni: kusaga ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, basi. Siku za mwanzo wanawake walinicheka sana. "Umeme gani huu unaogopa mvua kama mbuzi?" Lakini saa hizo wao wako mashambani, kwa hiyo shangazi akabuni utaratibu wake. Asubuhi unaacha gunia lako mlangoni likiwa na alama ya mkaa, jioni unapita kuchukua unga. Alikuwa anazijua alama zote. Ilikuwa inakwenda vizuri, na sisemi hivyo kirahisi. Betri zilikuwa zinajaa kabla ya jioni. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naamini kitu.

Kisha, katikati ya mvua, mume wa shangazi akafariki.

Kijijini kwao msiba una desturi zake. Baada ya maziko, kila nyumba huleta mahindi, yanasagwa siku hiyo hiyo, na ndiyo yanayowalisha wageni. Na mfiwa hasemeshwi habari za kazi mpaka matanga yaondolewe. Shangazi alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa kwa kanga, amezungukwa na wanawake. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha betri, natazama namba za chaji zinashuka. Mawingu yalikuwa yametanda tangu juzi yake.

Mama aliyesimamia mapishi akaja mlangoni. "Injinia, mahindi yamefika. Washa."

"Mama, shikamoo. Ni saa kumi na moja. Betri ziko chini."

"Marahaba. Kwa hiyo msiba usubiri jua?"

"Nikisaga sasa zitaharibika."

"Wageni wametoka Nzega, wamezika, wana njaa, na ni mume wa shangazi yako. Wewe unanionyesha namba!"

Mtambo ulikuwa na kikomo. Betri zikishuka mpaka hapo, unajizima wenyewe ili kuziokoa. Nilikishusha kikomo kile kwa mkono wangu. Siku ya pili mvua haikukatika, wageni wakaongezeka, nikakishusha tena. Siku ya tatu hivyo hivyo. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nasikia mashine ikisaga kwa kulegea, mkanda unapiga kelele, na najiambia kwamba huu ndio upendo, kwamba walau mara moja nimeacha kuhoji.

Jua liliporudi, betri hazikurudi nalo. Zilijaa haraka, zikaisha haraka. Taa za kijiji zikawa zinazimika watu wakiwa bado wanakula. Fundi wa kampuni alikuja, akapima, akaniuliza nani alishusha kikomo. Nikasema mimi. Sikufukuzwa. Nilipewa kazi mbaya zaidi: kuandika taarifa. Niliandika ukweli, kwamba kijiji kile hakitumii umeme wa kutosha kulipia betri mpya. Wiki chache baadaye lori likaja kuchukua paneli, zipelekwe kwingine. Wanaume wa kijiji walizibeba mabegani mpaka kwenye lori, wawili wawili, wakiimba kwa sauti ya chini. Watu wetu wameibebea misafara ya wengine mizigo katika njia hizi tangu zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba nami ningekuja kusimama pembeni nikihesabu mizigo.

Nilirudi kumwona shangazi baada ya mavuno. Chumba cha mashine kilikuwa na kuku. Aliniwekea sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaa, akaniangalia nikila.

"Siku zile za msiba," akasema, "ulijua kwamba betri zitakufa?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefiwa, shangazi. Ningekuingiliaje na habari za mashine?"

Akainamisha kichwa, akaokota punje moja ya mahindi chini, akaigeuzageuza. "Ndani nilikuwa na magunia mawili ya michembe. Ungeniambia, ningesema wape watu michembe. Michembe haisagwi. Inachemshwa tu. Yeye mwenyewe aliipenda kuliko ugali." "Wewe unauliza kila mtu kila kitu, mwanangu."

Nilikirudisha sahanini kipande nilichokuwa nimekishika.

Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Haya, nifungie gunia kwenye baiskeli. Tukichelewa tutakuta foleni."

Nilisukuma baiskeli, yeye akitembea kando yangu, mpaka kijiji cha jirani. Kabla hatujafika tukaanza kuisikia, kwa mbali, nyuma ya mashamba ya mpunga. Shangazi akapunguza mwendo, akasikiliza.

"Bado inakohoa vile vile ikiwashwa," akasema. "Nilimwambia yule bwana abadilishe chujio."

Kisha akaenda kupanga mstari, nyuma ya wanawake wengine, kwenye injini yake.