Mbio Mbili za Bosi

Bosi alizaliwa na ulemavu wa akili, na dada yake, fundi cherehani, alizaliwa na mdomo. Mteja aliyethubutu kumwita mdogo wake mjinga alirudishiwa kitambaa chake vilevile alivyokileta. Jina la Bosi lilitoka hapo dukani: yeye alikaa mlangoni akipokea wateja kwa madaha, huku dada amepinda mgongo kwenye cherehani.

Jumamosi Bosi alifanya mazoezi na klabu ya wakimbiaji wenye ulemavu kama wake. Siku ya mashindano, asubuhi huwa na mbio za majaribio za kuwapanga: wenye kasi na wenye kasi wenzao, wa taratibu na wa taratibu, ili kila mtu apambane na wa saizi yake. Mwaka huo dada akaona upenyo. Mwaka nenda mwaka rudi Bosi alikuwa akirudi mikono mitupu, na aliyekosa usingizi ni dada. Akamvuta pembeni.

"Sasa hivi jivute tu, mdogo wangu. Mchana ndiyo ufyatuke."

"Mwalimu kasema tukimbie sana."

"Mwalimu ndiye dada yako?"

Bosi akatii, akapangwa na wa taratibu. Mchana akafyatuka kweli, akawaacha wenzake mbali hata akapata wasaa wa kupungia watu mkono. Dada akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kumbe ipo kanuni: ukizidi mno kasi yako ya asubuhi, unahesabiwa ulijificha, unaondolewa. Ilisomwa kwenye kikao cha wazazi, ila dada siku hiyo alikuwa anapiga soga nyuma. Njia ya mwongo fupi; medali akavishwa mwingine.

"Bosi, mbona asubuhi ulijivuta?" mwalimu akauliza.

"Msamehe tu, mwalimu," mzazi mmoja akadakia. "Hawa si unajua hawaelewi."

Siku nyingine dada angemrukia. Sasa alitazama viatu vyake kwa aibu. Akinyamaza, Bosi ndiye atakayebaki mjinga mbele ya watu wote.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Mwalimu akaanza kumpa vidonge vyake, tena bila kupunguza sauti. Bosi akaingia katikati yao, bado anahema.

"Usimgombeze dada. Yeye anaogopa nikishindwa." Akajifuta jasho kwa fulana. "Mimi siogopi."