Mtu Aliyeambiwa Habari za Ng'ombe

Kiptum arap Siele alikuwa karani wa kupima majani chai pale kituoni kwetu, upande wa Mogogosiek, na alikuwa pia sikio la serikali. Kazi ya kwanza tuliijua sote. Ya pili alidhani anaijua peke yake.

Nikikumbuka nacheka. Mtu ambaye miaka yote alipima majani kwa uso wa mgonjwa wa jino, ghafla, mwaka wa tisini, akaanza kucheka kila mzaha, tena kabla mzaha haujaisha. Akiuliza jambo na kujibiwa, aliliuliza tena kwa njia nyingine. Akishapima gunia lako hakuachilii. Atapangusa mizani, atapangusa tena, na masikio yamesimama. Halafu wifi yangu akamwona mjini Kericho akitoka kwa mlango wa nyuma wa ofisi fulani. Hatukuhitaji kuambiwa zaidi.

Mwaka uliofuata, Kipyegon, fundi wa baiskeli, alisema kwenye foleni kwamba vyama vingi vije hata kesho. Gari dogo jeupe likaja likamchukua. Alirudi amekonda, na ukimuuliza alikuwa wapi anakueleza habari za spoku. Kama ni Kiptum aliyemtaja, mimi sijui. Pengine siye. Lakini tangu hapo Kiptum akikaribia, maneno yanageuka kuwa ya ng'ombe. Hakuna aliyeitisha mkutano tuamue hivyo. Midomo yetu iliamua yenyewe.

"Hii yangu nyeusi imekataa kukula," mmoja anasema.

"Pea yeye chumvi," mwingine anajibu.

Na Kiptum anatikisa kichwa, anapangusa mizani.

Hodari kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa mume wangu, Johana. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, mzima kama chuma, lakini Johana alimsimulia Kiptum magonjwa yake yote, hata yale ambayo mnyama huyo hakuyajua. Leo kwato, kesho chuchu. Kiptum akampenda Johana. Jumapili baada ya kanisa alikuja kwetu, akanywa chai, akasikiliza habari za kwato mpaka kikombe kikapoa. Akiondoka, alikuwa akishukuru kwa mazungumzo.

Haya ya ofisini nilikuja kuambiwa baadaye na mkewe, Dorcus. Huko walimsifu. Eneo lake lilikuwa shwari kuliko yote, hakuna mchochezi, hakuna redio za nje, watu wanafikiria mifugo yao tu. Naye aliiamini kazi yake. Alikuwa akimwambia Dorcus kwamba nchi ni kama boma, lazima mtu mmoja akae langoni wengine wakilala.

Lakini kwenye lango alilolinda hakupita mtu. Kulikuwa na Ephantus, muuza misumari na mabati aliyetoka upande wa Nyeri, ambaye alicheza drafti na Kiptum kila jioni kwa vifuniko vya soda. Vita vya makabila vilipozuka kule Kedowa, Ephantus na mkewe Waceke waliamua kuondoka mapema. Ephantus alipita nyumba kwa nyumba akituaga mchana kweupe. Kwa Kiptum hakupita. Hakuwa na kinyongo naye, aliogopa tu. Jioni Kiptum akaja na vifuniko vyake mfukoni, akakuta kufuli. Alikaa pale kibarazani mpaka giza likaingia. Nilimwonea huruma siku hiyo, kisha nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, maana nilimkumbuka Kipyegon.

Baadaye wakulima wakaanza kugoma kuchuma. Wazungu walikuwa wamefunga mkono wa msaada, na serikali ikabaki ikitegemea majani yetu kuleta dola kutoka Pakistani na Misri. Basi kikapu cha mama kikawa jambo la usalama wa taifa. Wakubwa wa Kiptum walitaka kujua ni nani anayetuchochea, na kama ni mtu wa nje ya nchi. Alirudi kwetu na maswali yake ya kuzunguka. Johana akamweleza habari za kupe.

Mambo yakaenda hivyo mpaka koito ya Phyllis, siku ya posa yake.

Phyllis alikuwa binti wa pekee wa Kiptum, mwalimu wa nasari, msichana mpole wa kucheka kwa macho. Kijana aliyekuja kumposa aliitwa Kipruto, mtunza stoo kule Kedowa, mtu wa viatu vya kung'aa hata kwenye matope. Sasa, kuchunguza ukoo wa watu hatukufundishwa na serikali yoyote. Kijana akitaja jina la binti wa hapa, majirani huanza kazi. Shangazi wa fulani ameolewa kule, binamu wa fulani anauza viazi huku, na habari zinarudi zenyewe kwa miguu. Kabla ya siku ya koito, baba wa binti huwa amesikia kila kitu.

Na habari zilirudi. Kipruto alikuwa na bibi kule Ndanai, amemficha, na yule bibi alikuwa amerudi kwa wazazi wake akiwa amevunjwa mkono.

Sote tulijua, isipokuwa Kiptum na watu wa nyumba yake. Nani angemwambia? Mjomba wa Kipruto alikuwa mkubwa katika chama, na neno ukimpa Kiptum hujui litalala wapi. Dorcus naye analala kitanda kimoja na sikio. Kila mtu alingoja mwingine aseme.

Siku ikafika. Wageni waliketi nje chini ya turubai na mursik yao, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Sisi wa upande wa binti tulikuwa ndani, mlango umefungwa, kama desturi ilivyo kabla ya kuwajibu wenye kuomba. Mzee arap Tonui, aliyesimamia shughuli, akagonga fimbo sakafuni.

"Kabla tujibu hawa watu, mwenye ako na neno juu ya huyu kijana aseme sasa. Hapa ndani hakuna kuficha."

Manyunyu yalisikika juu ya mabati. Kiptum alituangalia mmoja mmoja, akitabasamu tabasamu la baba, mpaka akamfikia mume wangu.

"Johana, wewe ni rafiki yangu. Sema hata wewe."

Johana akakohoa. Nilimwona akitafuta maneno, na mdomo wake ukafuata njia uliyoizoea.

"Ile ng'ombe yangu," akasema, "imeanza kufura mguu."

Hakuna aliyecheka. Kiptum alimtazama Johana, kisha arap Tonui, ambaye alikuwa akitazama fimbo yake, kisha mimi. Nikainamisha kichwa. Alikuwa amefundishwa, Dorcus aliniambia, kwamba watu wakibadilisha maneno, basi hapo ndipo jambo lilipo. Hakuwahi kutujaribu sisi kwa somo hilo. Sasa lilimrudia lote kwa mara moja, kwato na chuchu na kupe, Jumapili zote zile.

"Hiyo ng'ombe," aliuliza polepole, "iko kweli?"

"Iko," Johana akajibu. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Lakini haijawahi gonjeka."

Kiptum akainuka, akachukua kofia yake.

"Unaenda wapi, Baba Phyllis?" Dorcus akauliza. "Koito ya mtoto wako hii!"

"Naenda nje. Wewe baki." Akatugeukia sisi. "Ambieni mama yake kila kitu. Mimi sitauliza nani alisema nini."

Akatoka katika nyumba yake mwenyewe, akafunga mlango taratibu. Dirishani tulimwona akipita wageni bila kuwaangalia, akateremka shambani. Pale chai inapoanzia kuna jiwe. Hakuketi hapo. Aliendelea chini mpaka mwisho wa shamba, mahali ambapo hata ungepiga kelele hangesikia, akaketi kwenye nyasi, ametupa mgongo. Alitaka tuone kwamba hasikii.

Ndipo sote tukasema. Johana alikuwa wa kwanza.

Wageni walirudi kwao bila jibu walilotaka. Phyllis alilia, na mama yake akalia naye, lakini mikono ya Phyllis ni mizima hadi leo. Mvua ilikuwa imeongezeka, na Kiptum bado yuko kule chini. Dorcus akamwomba Johana aende kumwita.

Mume wangu aliniambia usiku ule yaliyopita kati yao. Alimkuta amelowa mpaka shati la ndani. Johana alitaka kumwambia yote, ya Ndanai, ya mkono, ya Ephantus, hata ya Kipyegon. Alikuwa ameshafungua mdomo. Kiptum akainua kiganja.

"Hapana. Usiniambie. Mtoto yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Basi niambie habari ya ng'ombe."

Johana akaketi kando yake kwenye majani yaliyolowa, akamwambia ng'ombe ni mzima, anakula vizuri, na anatoa maziwa.