Mipira Miwili ya Kocha

Kocha wa kasi hapigi kelele. Husimama karibu na wavu wa tenisi, ametandaza mikono kama anayeanika shuka, mpira mmoja kila kiganja, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi. Kisha huachia mmoja tu, na binti anayemnoa sharti aukimbilie na kuudaka kabla haujadunda mara ya pili. Akichelewa, mzee husonya. "Umelala, mwanangu." Siku hizi binti hachelewi, ila furaha yenyewe imeingia doa: mkono wa kushoto wa kocha umeanza kutetemeka, na kidole gumba hucheza kabla mpira haujatoka. Binti hukitazama kidole, hautazami mpira, na hivyo ndivyo anavyowahi.

Leo kidole kilipocheza, huruma ikamshika. Akajikaza pale pale, akauacha mpira udunde weee, mpaka ukabingirika kwenye viatu vya mzee. Kocha hakusonya. Aliitazama miguu ya binti.

"Kisigino kilishanyanyuka kabla sijauachia mpira," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyekizuia."

Binti akainamisha kichwa. Kocha akauokota mpira, akaushika kwa mkono ule ule unaotetemeka.

"Haya, nipe mgongo. Kuanzia leo utakimbia ukiusikia unadunda."