Wimbo wa Alfajiri

Kwenye kaunta ya ukumbi mmoja hapa Kingsbury, huku ughaibuni, nilimkuta mama mzee, mwimbaji wa muziki wa kale wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa. Alikuwa akipanga onyesho lake la kuaga jukwaa.

"Mama, weka jioni, watu watajaa," msimamizi wa ukumbi, Mkenya, alimsihi.

"Wimbo wenyewe ni wa alfajiri; katika muziki wetu kila wimbo una saa yake. Wanafunzi wangu nimewakataza kuuimba jioni. Leo niuimbe mimi, kisa naaga?"

"Alfajiri, na baridi hii? Nani atatoka kitandani?"

"Atakayetoka."

Siku ya onyesho nilikwenda, alfajiri. Alipomaliza kuimba, alivitazama viti vitupu.

"Jioni vingejaa, Mama," msimamizi akasema taratibu.

"Najua. Imeniuma."

Wenye msimamo wengi hunikera kwa kujifanya hawaumii. Huyu alisema ukweli mpaka mwisho, kisha akaomba chai.