Teke la Bwana Miwani

Jamani, aibu hii nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, maana yeye akiisimulia huongeza chumvi, na chumvi yenyewe haihitajiki, ilikwisha kolea siku ileile. Mimi Idi, seremala wa Kolo, niliyejifunza kazi pwani kwa fundi wa Kihindi nikarudi bara kifua mbele, niliwahi kutembezwa Dodoma mchana kweupe, kwa dufu na vigelegele, nimevaa kanzu nyeupe na kupakwa mafuta ya waridi, nikiifuata meza ya kunywea ulevi. Chekeni kwanza, halafu nitaeleza.

Ilikuwa zamani za Mdachi, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma, na watu wa kila kabila wanamiminika kutafuta kazi. Kulikuwa na Mdachi mmoja wa reli tuliyemwita Bwana Miwani (jina lake la kwao lilikuwa na mikwaruzo mingi, ndimi zetu hazikuliweza), naye alikuwa anajijengea nyumba ya mawe karibu na kituo cha gari la moshi. Siku moja akaniita, akanishika bega, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuungaunga, "Fundi, mimi nataka teke."

Nikamtazama. Mdachi anaomba teke?

"Teke, Bwana?"

"Ndiyo. Teke kubwa. Ya mti. Ndani ya nyumba yangu."

Wallahi niligeuka kuangalia kama kuna askari karibu, maana nilidhani natiwa mtegoni ili nikiuinua mguu tu nikamatwe. Mpishi wake, Mgogo mmoja aitwaye Ndahani, alikuwa ameinamia sufuria mabega yanamtikisika kwa kicheko, na alipochoka kucheka ndipo akaniokoa.

"Fundi, hicho ni Kidachi," akasema. "Teke ni meza ndefu ya kunywea. Wageni wanasimama mbele, mwenyeji anasimama nyuma anawamiminia."

Bwana Miwani akanichorea kwenye karatasi: meza ndefu, kimo chake kifuani, mbele imezibwa kwa mbao, chini ina kidato cha kuwekea mguu mmoja (eti mnywaji akisimama sana mguu huchoka), nyuma ina rafu, na juu, pembeni, matundu sita ya kusimamishia chupa zisianguke. Ilikuwa kazi nzuri, ya mninga mtupu, na hakukuwa na seremala mwingine Dodoma nzima wa kuiweza. Nikakubali palepale, na mbao nikazipeleka kwenye kibanda changu kando ya njia, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa haijaezekwa.

Sasa hapo ndipo balaa lilipokuwa limekaa likinisubiri. Kibanda changu kilikuwa jirani na msikiti, na msikitini alikuwapo Mwalimu Sufiani, Mrangi mwenzangu wa Kolo, mzee wa kanzu safi na maneno machache, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani chuoni, na ambaye (sikilizeni vizuri) alikuwa baba yake Zuhura. Nilikuwa nimekwisha peleka posa. Mwalimu hakukubali wala hakukataa, alisema tu, "Nitakujibu nikishajua wewe ni mtu wa namna gani." Na mzee mwenyewe akipita karibu na mtungi wa pombe ya mtama alikuwa anainua kanzu isije ikashika harufu. Zuhura nilimpenda, sitaki kuwaficha, nilimpenda hadi nikawa napiga randa ubao uleule mara tatu kwa mawazo.

Asubuhi moja nimezama kwenye maranda hadi vifundo vya miguu, nasikia, "Assalaam alaykum."

Nikaruka. "Waalaykum salaam, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hiki unachotengeneza ni nini?"

Ningeweza kusema meza. Jamani, si ni meza! Ningesema meza ya Mzungu, yeye angepita zake, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilikuwa najua meza yenyewe ni ya nini, macho yakakimbilia msikitini, nikakumbuka kwamba khatibu wetu kila Ijumaa anahutubu amesimama juu ya sanduku la misumari ya reli, sanduku lenyewe linayumba, na mdomo, bila kuniomba ruhusa, ukasema, "Mimbari, Mwalimu."

Mzee akaugusa ubao. Halafu macho yakamlengalenga.

"Mimbari," akasema. "Na hukumwambia mtu."

"Nilitaka iwe siri, Mwalimu."

Hilo, angalau, lilikuwa kweli.

Siri gani! Kabla ya adhuhuri Dodoma nzima ya Waislamu ilikuwa inajua, na tangu siku hiyo sikufanya kazi peke yangu tena. Wazee wanakuja, wanakaa juu ya magogo, wanauliza. Hiki kidato cha chini? Ngazi ya khatibu. Mbona kirefu hivi? Kwa makhatibu wanene. Hii rafu? Ya misahafu. Na haya matundu sita? (Hapo nilitoka jasho.) Ya vyetezo, wazee wangu, vya kufukizia ubani, ili harufu imfikie kila mtu. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akasema kweli huyu kijana amekaa pwani. Nami, mjinga niliyekubuhu, sifa zikanilevya kuliko konyaki, ile pombe kali ya Bwana Miwani, nikashika patasi nikaanza kuchonga maua ubao wa mbele, maua ambayo hakuna Mdachi aliyeyaagiza, mazuri hadi mwenyewe nikawa nasogea nyuma kuyaangalia.

Jambo moja tu lilinitia hofu ya kweli. Mwalimu Sufiani alikuja na chaki akitaka kuandika kwa mkono wake maneno matakatifu juu ya ubao wa mbele, nami niyafuate kwa patasi. Nikamwambia ubao haujakauka. Kesho yake akarudi, nikamwambia nyuzi za mti zimekaa vibaya hapo. Akarudi mara ya tatu, na sikuwa na kisingizio kingine, nikasimama mbele ya ubao nikaueneza mwili wangu wote, nikasema, "Mwalimu, tafadhali, hapa usiandike." Akautazama ubao, akanitazama mimi. Akaitia chaki mfukoni, akaenda zake.

Mpango wangu ulikuwa huu: Ijumaa asubuhi, watu wakiwa majumbani wanajiandaa kwa sala, Ndahani angekuja na wapagazi, teke lingeondoka kimyakimya, na mimi ningewaambia wazee kwamba mimbari imeliwa na mchwa. (Msinicheke. Dodoma mchwa wanakula kila kitu, ndiyo maana Mdachi alilaza reli yake juu ya mataruma ya chuma, si ya mti.) Lakini Mwalimu naye alikuwa na mpango wake. Ijumaa ile, hata chai sijanywa, nikasikia dufu. Nikatoka nje. Njia imejaa watu! Wanaume wamevaa kanzu, wanawake wamesimama pembeni wamejitanda khanga, na Zuhura yumo kati yao anapiga kigelegele huku ananitazama, mara ya kwanza ananitazama moja kwa moja. Wakanivika kanzu, wakanipaka mafuta ya waridi, na wanaume wanane wakaliinua teke mabegani huku wakiimba kaswida. Nilijaribu kusema. Nilifungua mdomo mara mbili. Kila nikiufungua, mtu ananikumbatia.

Tukaenda, vumbi la Dodoma linapanda hadi puani. Tulipofika msikitini, Mungu akanihurumia: mlango haukutosha. Wakajaribu kuliingiza kwa ubavu, wakaligeuza, wakalisimamisha wima, wapi. Mlango ulikuwa mwembamba na teke lilikuwa pana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimshukuru Mola kwa vipimo kutopatana. Wakalitua uwanjani wakaanza kubishana, huyu anasema ukuta ubomolewe, huyu anasema mimbari ikatwe katikati, nami nasema ikatwe, ikatwe, leteni msumeno nikate mwenyewe!

Ndipo tukasikia kwato.

Bwana Miwani huyo, juu ya nyumbu wake, na nyuma yake Ndahani na wapagazi wanatweta. Walikuwa wamefika kibandani wakakuta maranda matupu, na Bwana akafuata kelele za dufu. Nikafumba macho nikingoja kusikia matusi ya Kidachi. Sikuyasikia. Nilipofumbua, nikaona uso wake umeng'aa kwa furaha, kofia kaishika kifuani, anatazama umati wa watu wenye kanzu safi wamelizunguka teke lake lililochongwa maua. Maskini, alidhani ni desturi ya nchi, kwamba kitu cha nyumbani kwa mtu kikikamilika watu humpelekea kwa nyimbo!

"Ah! Teke langu!" akapaza sauti. "Asante! Asante sana watu wote!"

Watu wakaangaliana. Teke?

Akashuka, akapita katikati yao akiwapa mkono mmoja mmoja, akalifikia, akapapasa maua, akatoa chupa kwenye mfuko wa tandiko, akaitumbukiza katika tundu la kwanza. Ikaingia sawasawa, ikakaa imara, haikutikisika hata kidogo. (Kazi yangu ilikuwa safi. Nalisema hilo ingawa naona haya.) Kisha, kwa kuwa aliona watu wamekodoa macho akadhani hawajaelewa, akaweka mguu mmoja juu ya kidato, akaegemeza viwiko, akawaonyesha. "Mtu anasimama hivi. Halafu, konyaki."

Dufu lilikuwa limenyamaza zamani. Nilisikia mbuzi akilia mbali huko.

"Idi," akasema Mwalimu Sufiani.

"Naam, Mwalimu."

"Matundu haya ulisema ni ya nini?"

"Ya vyetezo, Mwalimu."

"Na hicho ni chetezo?"

Nikaitazama chupa. Ndahani ndiye aliyeanza, alitoa sauti puani kama sufuria inayofurika, na baada yake kicheko kikashika uwanja mzima, hadi wazee waliokuwa wakisifu ngazi ya khatibu wakawa wanafuta machozi. Mwalimu peke yake hakucheka. "Mwenye teke amelifuata teke lake," akasema. "Mpelekeeni." Nami nikabeba pembe moja pamoja na wapagazi, na kanzu yangu ya sherehe, nanukia waridi, hadi nyumbani kwa Bwana Miwani. Nilipopita mbele ya wanawake, Zuhura alikuwa amejifunika uso wote kwa khanga, na sikujua kama anacheka au analia, na kutojua huko kuliniuma kuliko vicheko vyote.

Wiki mbili nilijificha. Nilikuwa nazunguka upande wa Nzuguni kwenda kisimani ili nisipite msikitini, na nilikwisha anza kufunga zana zangu nirudi Kolo. Ijumaa ya pili baada ya sala, Mwalimu akaja kibandani mwenyewe.

"Mimbari iko wapi?" akauliza.

"Mwalimu, unajua kwamba..."

"Uliwaahidi watu mimbari. Khatibu bado yuko juu ya sanduku."

Nikaitengeneza. Mninga uleule, ngazi tatu, maua mazuri zaidi ya yale. Mzee alikuja kila siku akapapasa kila ubao kwa kidole akitafuta tundu, na alipokuta kijitundu cha kifundo cha mti alinitazama hadi nikakiziba mbele yake. Mlango wa msikiti niliupima mara nne. Ilipokamilika, akatoa ile chaki, akanipa ishara nisogee, akaandika, nami nikayafuata maneno kwa patasi taratibu sana.

"Posa yako imekubaliwa," akasema nyuma yangu.

Patasi nusura inidondoke. Nikamuuliza, kwa nini, baada ya aibu yote ile?

"Nilikuja na chaki hii mara tatu. Mwongo kamili angeniacha niandike."

Nililia, sisemi uongo. Na tangu siku hiyo niliapa, mtu akiniuliza natengeneza nini, namjibu kabla hajamaliza kuuliza, hata kama ni jeneza lake. Lakini Zuhura hajaniamini bado. Miaka yote hii, kila nikitoka asubuhi na msumeno begani, anasimama mlangoni na kuniuliza kwa upole kabisa, "Leo unaenda kutengeneza nini, baba watoto? Mimbari?"