Shukrani Tuliyoitoa Mapema

Baba alipotibiwa moyo, mimi ndiye niliyeharakisha shukrani. Nina duka la mbolea Makambako, wateja wangu wengi ni washarika wenzake wa Njombe, na nilitaka wanione.

Daktari wa Dar es Salaam alituonya. Walikuwa wamepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakaunguza sehemu zilizokuwa zikivuruga mapigo. Alisema miezi mitatu ya mwanzo mapigo yanaweza kuvurugika tena. Yakivurugika, mgonjwa arudi akapimwe. Dawa ya kuzuia damu isigande isiachwe hata siku moja. Niliitikia huku nikiwaza suti ya kumvalisha baba.

Jumapili ya tatu baada ya matibabu tukasimama mbele ya madhabahu. Nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwamba baba amepona kabisa. Kondoo wetu wa shukrani aligombewa kwenye mnada nje ya kanisa, na akina mama wakaja kumpa baba mkono wakimsalimu kwa Kibena, "Kamwene, kamwene." Kwetu aliyekwisha kushukuru hatakiwi kuugua ugonjwa uleule. Akiugua, watu wanasema alimdanganya Mungu.

Wiki iliyofuata baba alinipigia simu. "Mwanangu, moyo umeanza tena kukimbia. Nipeleke nikapimwe."

Nilikuwa napokea mzigo, nimechoka, nina hasira. "Baba, umeshashukuru kanisani. Usinitie aibu."

Akauliza kama aendelee na vidonge vya kuzuia damu isigande, maana vinakaribia kwisha. Nikamjibu kuwa aliyepona hamezi vidonge, nikakata simu.

Baba ni mtu wa kusikiliza watoto wake; vidonge akaviacha. Siku kumi baadaye, asubuhi, jirani alimwona akianguka kwenye shamba la viazi, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki. Niliwahi hospitalini Njombe nikiwa na vumbi la mbolea kwenye gauni. Daktari aliniuliza kama mzee bado anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Kama anameza, alisema, kuna sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani ambayo hawezi kumpa, itamuua. Kama aliacha, wampe sasa hivi.

Nyuma yake walisimama wazee wawili wa kanisa. Nikisema aliacha, wangeuliza nani alimwachisha.

"Anameza," nikasema. "Kila siku."

Daktari akamwambia muuguzi sindano isiandaliwe. Baba alikuwa macho, amesikia yote. Alijitahidi kusema, ikatoka sauti isiyo na maneno. Wazee wakadhani anasali, wakainamisha vichwa. Nami nikainamisha changu.