Mvua Isiyobisha Hodi Jangwani

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya hali ya hewa, nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na Mtabiri Mkuu hakuniacha hata nikae. Alinisimamisha mbele ya ramani ya nchi za baridi akasema, "Binti, utabiri unaanzia hapa. Kwanza ujifunze mvua yenye adabu."

Mvua ya huko kweli ina adabu. Hewa ya joto inakutana na hewa ya baridi, na pale zinapozungukana mgandamizo wa hewa hushuka. Ya joto ni nyepesi, hivyo hupanda polepole juu ya mgongo wa ile ya baridi. Yanatangulia mawingu membamba ya juu sana, yanafuata mazito yanayoziba jua, kisha mvua ya taratibu ya kutwa. Nyuma yake hewa baridi inakuja kwa kishindo na kuisukuma ya joto juu ghafla: mawingu marefu, upepo unageuka, mvua ya nguvu, halafu anga linatakata. Nilipopelekwa kusoma huko niliyaona yote kwa mpangilio huohuo, nikiwa nimejikunja ndani ya makoti mawili. Barometa, chombo cha kupimia mgandamizo, ilianza kushuka mapema, na kila mtu akapata muda wa kutafuta mwavuli.

Dar es Salaam hakuna hodi. Barometa yetu hupanda na kushuka kila siku kwa mazoea yake, na mvua ya kuua watu inaweza kupita bila kuitikisa. Wingu linazaliwa baada ya chai, na kabla ya chakula cha mchana limekwisha komaa. Nilianza kuogopa tangu niliporudi, na sijaacha.

Nilikuwa namwogopea Dada Zuhura, mkubwa wangu, fundi cherehani. Alipanga chumba na wanawe Jangwani, bondeni kabisa karibu na mto. Na kazini tulikuwa na mwiko: mtabiri hamwambii ndugu yake lolote ambalo halijatangazwa. "Ndugu zenu watasikia redioni kama watu wengine," Mtabiri Mkuu alikuwa akitukumbusha. Tuliwahi kutoa onyo, dada akahamishia magodoro kwa shemeji yake Buguruni, jua likawaka kutwa. Kariakoo nzima ilitucheka. "Mvua yako imepotea njia?" dada akaniuliza.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, mpimaji wetu wa Kisarawe, kwenye vilima unakotoka mto wa Jangwani, alipiga simu. Chombo chake cha kupimia mvua kilikuwa kimejaa na kumwagika. Nilichungulia dirishani: mjini anga jeupe, watu wanaanika nguo. Maji yale yangeshuka bondeni huku jua likiwaka. Nilikwenda kwa Mtabiri Mkuu nikamweleza.

"Barometa inasemaje?"

"Imetulia, mzee."

"Basi tusubiri. Tukikosea tena, hakuna atakayetusikiliza."

Simu ya mezani kwake ikalia, akaipokea, akanipa mimi. Alikuwa dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, masika ndiyo haya, na nina nguo za watu hapa. Nikae au nitoke? Niambie tu, mimi si dada yako?"

"Sikiliza redio, dada," nikasema, nikakata, nikaanza kulia mbele ya bosi wangu.

"Nani huyo?"

"Dada yangu. Anakaa Jangwani."

Aliitazama barometa kwa muda, halafu akanisogezea karatasi. "Andika onyo kama unamwandikia yeye. Mimi nitalisimamia."

Siku zote tuliandika kwamba vipindi vya mvua vinatarajiwa katika maeneo machache. Siku ile niliandika: "Mlioko Jangwani, tokeni sasa hivi. Acheni vyombo, bebeni watoto. Msitazame anga, maji yanatoka vilimani." Redio ikasoma vilevile.

Maji yalipita juu ya madirisha ya dada. Sikujua kama yu hai mpaka nilipofika kwangu Kariakoo nikamkuta kibarazani, wanawe wamemzunguka, mikono mitupu.

"Cherehani nimeiacha," akasema. "Aliyesoma alikuwa mwanamume, lakini nilijua ni wewe. Nani mwingine hunifokea hivyo?"

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mna rada na picha za satelaiti, mnaona wingu likiwa bado baharini, na ninawaonea wivu. Dada tunaishi naye. Juzi tuliisikiliza pamoja taarifa yenu. Sauti ilikuwa tamu, haina haraka: wakazi wa mabondeni wanashauriwa kuchukua tahadhari. Dada aliisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Huyu haogopi," akasema.

Tulijifunga kanga zetu, vikongwe wawili, tukashika njia ya Jangwani kwenda kugonga milango.